Jina la Mnunuzi

Wenye nyumba hawakuanza kumuuliza mama kama ana kodi. Waliuliza baba yuko wapi. Akijibu kwamba ameshafariki, walitutazama sisi watoto wanne, na chumba kilichokuwa wazi asubuhi kikawa kimeshapata mtu. Dalali mmoja alimweleza bila kuzunguka, funguo zikiwa mkononi mwake: "Mama, mwenye nyumba hataki mwanamke asiye na mume. Anaogopa utamjazia wanaume uani." Mama aliamka saa kumi alfajiri kuchoma vitumbua, jioni akasuka watu nywele hadi giza liingie. Hasira ya maneno yale ninayo mpaka leo.

Buguruni, Dar es Salaam, tulipata chumba kimoja katika nyumba ya Kiswahili, vyumba vitatu huku, vitatu kule, ukumbi katikati. Kodi ililipwa miezi sita kwa mpigo. Watoto wa wapangaji wengine walicheza ukumbini, sisi tukifukuzwa. Bomba likikatika, walioulizwa kwanza ni "watoto wa yule mjane". Mama hakugombana na mtu. Alicheza upatu na wanawake wenzake wa sokoni, na hela iliyobaki akaitumbukiza kwenye kibubu cha mbao alichokipigilia misumari pande zote ili asishawishike.

Mwaka 2006 zamu yake ya upatu ilipofika, alikivunja kibubu, akajumlisha, akamwita mjomba. Mzee mmoja mbele ya Pugu, njia ya kwenda Chanika, alikuwa anakata shamba lake la mikorosho vipandevipande. Mimi, mtoto wa kwanza, nilichukuliwa ili nione kwa macho yangu.

Mzee alipima kwa miguu, hatua 20 kwa 20, huku mjomba akimfuata nyuma na kuzirudia hatua zile zile kwa sauti, maana wauzaji wengine hatua zao hufupika kadiri wanavyokaribia mpaka. Kila kona ilipandwa mche wa mnyaa. Ndani ya mpaka ulikuwepo mkorosho mmoja mkubwa na mihogo ambayo mzee aliomba aachiwe avune kwanza. Mama alikubali. Alikuwa anakanyaga ule mchanga taratibu, viatu ameshika mkononi.

Tulienda kuandikishiana kibarazani kwa mzee, majirani wa mpakani wakiwa mashahidi. Mkataba uliandikwa kwa kalamu kwenye karatasi ya daftari. Dalali aliyekuwa anaandika alifika sehemu ya mnunuzi, akamgeukia mjomba: "Majina yako matatu, kaka."

"Mnunuzi ni mimi," mama alisema.

Dalali akatabasamu kwa upole, na upole ule ndio uliniuma. "Najua hela ni yako, mama. Lakini mwanamke akiandikwa peke yake, kesho ukoo wa marehemu utakuja kuleta maneno. Jina la kaka yako litakulinda."

Mzee naye akaitikia kwa kichwa. Nilimwangalia mjomba, maana uamuzi ulikuwa umeshasukumwa kwake. Akasema, "Dada, wewe unasemaje?" Ndilo jambo jema kuliko yote aliyowahi kutufanyia.

Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 ilishatamka kwamba haki ya mwanamke kupata na kumiliki ardhi ni sawa na ya mwanamume. Mama hakuwahi kuishika sheria hiyo mkononi. Alikuwa ameisikia redioni akisuka. Akafungua fundo la kanga, akaweka zile noti zote kwenye mkeka, akazifunika kwa kiganja.

"Shikamoo tena, mzee," alisema. "Mume wangu sinaye, na kwa kumkosa nimenyimwa vyumba. Leo nanunua, halafu niambiwe niazime mwanamume? Andikeni jina langu, au nirudi na hela yangu."

Mzee alikaa kimya, kisha akamwambia dalali, "Andika anavyotaka binti yangu."

Mama aliandika majina yake mwenyewe, herufi moja moja. Mjomba akatia saini chini, kwenye mstari wa shahidi. Karatasi ile haikuwa hati, maana kiwanja hakikuwa kimepimwa, lakini jina lililokuwepo lilikuwa lake.

Ujenzi ulichukua miaka. Tofali tulifyatua wenyewe wakati wa likizo, saruji ikanunuliwa mfuko mmoja mmoja. Chumba cha kwanza kilipoezekwa bati, mama hakusubiri lipu wala milango. Tulihama na pazia tukalitundika mlangoni. Buguruni ilibaki kodi ya miezi miwili ambayo mwenye nyumba alidhani ataisamehewa. Mama aliifuata hadi akalipwa yote, na hela hiyo ndiyo iliyonunua mlango.