Obsidiani ya Eburru

Nilipokuwa msaidizi kijana wa utafiti katika maabara ya akiolojia jijini Nairobi, nilikabidhiwa trei ya vibanzi vya obsidiani, kile kioo cheusi kinachotokana na lava iliyopoa upesi. Vilikuwa vimechimbuliwa upande wa Mara, katika makazi ya wafugaji walioishi huko yapata miaka 2,000 iliyopita. Wanaakiolojia huyaita mapokeo yao Elmenteitan, kwa jina la Ziwa Elmenteita: walifuga ng'ombe, mbuzi na kondoo, wakafinyanga vyungu ambavyo vingi havina nakshi, na wakachonga mabamba marefu ya jiwe yaliyokatwakatwa kuwa zana.

Kifaa cha kupimia, chenye umbo la mashine ya kukaushia nywele, hulipiga jiwe kwa eksirei, na kila elementi iliyomo hujibu kwa nishati yake yenyewe. Kwa kuwa kila mtiririko wa lava una mchanganyiko wake, kiasi cha rubidi, zirikoni na chuma hutosha kueleza jiwe lilitoka mlima gani.

Kabla sijakiwasha, fundi mkuu wa maabara, mzee aliyefanya kazi hiyo tangu ujana wake, aliichukua trei akaketi nayo dirishani. Alikinyanyua kila kibanzi kwenye jua na kuutazama ukingo wake mwembamba. Ukionyesha rangi ya kijani alisema "Eburru", ukiwa wa kijivu alisema "Naivasha", kisha akakiweka upande wake. Nilivipima vyote baada yake, na namba zikaafikiana naye karibu kila mahali. Takriban trei nzima ilikuwa ya Mlima Eburru, umbali wa kilomita zipatazo 100 kutoka makazi yale, na vibanzi vya kijivu vilikuwa vichache mno.

Nilifurahi, nikaanza kuandika kwamba tumepata ushahidi wa biashara. Mzee akasoma juu ya bega langu.

"Mwanangu, mashine imekwambia jiwe lilikotoka. Imekwambia nani alilibeba?"

"Hapana, Mzee."

"Basi tafuta gome."

Swali lake lilikuwa zito kuliko vipimo vyote vya siku ile. Watu wakienda wenyewe mlimani na kurudi na mabonge, makazini hubaki vipande vyenye gome la nje la jiwe na takataka za hatua za mwanzo za uchongaji. Jiwe likipita mikononi mwa watu kadhaa, hufika likiwa limekwisha kuchongwa nusu, na viini vyake, yaani mabonge yanayobanduliwa vibanzi, hutumiwa hadi kuwa vidogo kabisa. Tulivipanga upya vibanzi vyote kwa kigezo hicho, na vyenye gome vikawa haba. Hilo lililingana na hali ya Eburru kwenyewe, ambako kwenye miinuko ya juu kuna machimbo ya kale yenye marundo ya vibanzi vya uchongaji wa awali.

Hata hivyo hatukukubaliana. Mimi niliona msafara wa vijana waliochonga palepale mlimani ili wapunguze mzigo. Mzee aliona undugu, mahari na mifugo waliyokopeshana watu, jiwe likifuata njia hizo hizo. Siku hizi naegemea kwake, hasa kwa sababu majirani wa wafugaji hao, wenye vyungu vya nakshi, walitegemea zaidi obsidiani ya kijivu ya Naivasha. Mtu anayetafuta makali tu hajali rangi ya mlima. Tena safari ndefu za jiwe hili si jambo la wafugaji peke yao: obsidiani ya Naivasha imepatikana katika pango la Mumba, karibu na Ziwa Eyasi nchini Tanzania, zaidi ya kilomita 300, katika tabaka za kale sana kabla ya ufugaji wowote.

Katika ripoti nililifuta neno "biashara" nikaandika "usafirishaji", na kwenye jedwali tukaongeza safu ya gome kando ya safu ya asili ya jiwe. Vile vibanzi vichache vya kijivu Mzee alitaka vihifadhiwe katika mfuko wao peke yao, kwa kuwa kwa maoni yake huenda ndivyo pekee vilivyofika Mara kwa kubadilishana na wageni.