Kutoka "kaya" hadi sufuria moja

Kazi sikuipewa kwa sababu ya shahada. Shahada tulikuwa nayo wote tuliokaa kwenye benchi siku ile ya usaili. Nilichowazidi wenzangu ni Kiswahili. Mimi mtoto wa Busia, mpakani, na mradi ulikuwa unatafuta msaidizi wa utafiti wa kuzungumza na Wakongo wanaoishi Katwe na Nsambya, hapa Kampala. Utafiti ulihusu kifua kikuu: kwa nini ndani ya mji mmoja kinawaandama zaidi wasio nacho, na kwa nini baadhi yao huacha dawa katikati.

Kwenye usaili niliulizwa bakteria inamjuaje maskini. Nikajibu haimjui, ila inasafiri hewani, na muzigo, yaani nyumba ya kupanga ya chumba kimoja, wanamolala watu sita bila dirisha hauna pa kuitolea hewa hiyo. Nililelewa kwenye chumba kama hicho, kwa hiyo jibu sikulitoa kitabuni.

Wiki ya kwanza mtaani ilinivunja moyo. Mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la mtaa, alitutambulisha vizuri, na mama mmoja wa VHT, kundi la wahudumu wa afya wa kujitolea, akatuzungusha mlango kwa mlango. Tatizo lilikuwa dodoso. Lilikuwa limetafsiriwa kwa Kiswahili safi, kisafi mno. "Kaya yako ina watu wangapi?" Mama mmoja muuza vitenge, mtu wa Bukavu, aliniangalia kwa huruma. "Mwanangu, kaya ni nini?"

Swali la pili lilikuwa baya zaidi: mapato yako kwa mwezi ni kiasi gani? Anayehesabu fedha jioni kwa jioni hana mwezi. Karibu kila mtu alijibu "sina kitu". Wengine walidhani tunaandika orodha ya msaada, wengine kodi. Na wapo waliofunga mlango kabisa, kwa hofu kwamba jina likionekana kwenye karatasi ya kifua kikuu, safari yao ya kuhamishiwa Marekani au Kanada kama wakimbizi itakufa. Hofu hiyo haikuwa ya kipuuzi. Kabla ya safari hizo watu hupimwa kifua kweli, na mwenye ugonjwa husubiri hadi atibiwe. Sikuweza kumwambia mtu "usijali, Mama". Nilichoweza ni kumwonyesha kwamba karatasi yangu ina namba badala ya jina, kumweleza inakokwenda, na kumwambia kwamba kukataa si kosa. Baadhi walikataa, nikawashukuru nikaondoka.

Bahati nzuri tulikuwa bado kwenye majaribio ya dodoso. Nilinunua daftari la shule, nikaandika kila swali lililokwama na namna watu wenyewe wanavyolisema jambo hilo. Msimamizi wangu, ambaye hajui Kiswahili, alilisoma nikimfasiria, akaniambia nipendekeze upya. Badala ya "kaya" nikaweka "mnaokula chungu kimoja". Nikajiona fundi. Kumbe kila tafsiri mpya hurudishwa kwa Kiingereza na mtu ambaye hajaona ile ya awali, na yeye akarudisha: ni wangapi mnaokula kitu kichungu? Tulicheka hadi machozi. Isitoshe, Katwe nani anapikia chungu? Tukaandika "sufuria moja", na hiyo haikumkwaza mtu.

Mapato tukayaacha, tukauliza vitu: paa, sakafu, maji yanatoka wapi, choo mnachangia milango mingapi, mnapikia mkaa au nini, redio, simu. Hapo nako kuna mtego. Sakafu ya saruji kijijini ni dalili ya mwenye uwezo. Katwe sakafu ni ya mwenye nyumba, na mpangaji aliyelala juu yake huenda hajala. Ndiyo maana tuliongeza maswali ya jana: jana ulipata ngapi? Siku ya kliniki boda ulilipa ngapi? Nani alibaki kwenye biashara yako?

Mabadiliko yote hayo yalirudi kwanza kwenye kamati ya maadili ya utafiti. Kubadilisha neno moja, ruhusa. Nililalamika sana wiki zile za kusubiri, na bado naona fomu zilikuwa nyingi kupita kiasi.

Tuliporudi, yule mama wa vitenge alijibu kila kitu. Alikuwa kwenye matibabu ya miezi sita: miwili ya dawa nne, kisha minne ya dawa mbili. Dawa ni bure. Boda ni shilingi 3,000 kwenda na 3,000 kurudi, na siku nzuri faida yake ni 10,000. Siku ya kliniki meza inafungwa. Shirika la Afya Duniani linahesabu gharama za kifua kikuu kuwa balaa zikipita asilimia 20 ya mapato ya mwaka ya nyumba. Nilipoanza kujumlisha ya kwake, aliniwahi: "Usihesabu, mimi najua."

Mwisho nikampa nauli yake, kama tunavyompa kila anayehojiwa. Akaihesabu, akaikunja ndani ya kitenge.

"Mwanangu, kuja kujibu maswali mnanilipia boda. Kuja kunywa dawa nani ananilipia?"

Nikaliandika kwenye sehemu ya maoni ya mhojaji, kwa maneno yake mwenyewe, bila kulitafsiri.