Kabla hujaachia programu huria, jua nani atailipia

Wengi huanza kinyume: msimbo, yaani maandishi yanayounda programu, unawekwa hadharani leo, pesa zinatafutwa mwakani watu wakishachoka. Leseni ya siku ya kwanza, pamoja na jina la mwenye hakimiliki, ndivyo vinavyoamua njia zipi za mapato zitabaki wazi.

Kama uliiandika ukiwa kazini, kwa kawaida mwenye mali ni mwajiri, hivyo omba ruhusa ya maandishi. Kisha weka faili ya LICENSE, kwani bila hiyo mtu anaweza kusoma msimbo wako lakini hana haki ya kuutumia. Leseni ya MIT inamruhusu yeyote kuuingiza kwenye programu yake ya siri na kuiuza. Apache 2.0 inafanana nayo, ila inaongeza kibali cha hataza, yaani haki za uvumbuzi zilizosajiliwa. AGPL inamlazimu anayeibadilisha programu na kuitoa kama huduma ya mtandaoni awape watumiaji wake msimbo aliobadilisha. Ukitaka kuuza pia leseni ya kibiashara kwa kampuni zinazoikwepa AGPL, wachangiaji wote wakusainie mkataba wa kukupa haki hiyo tangu kiraka (badiliko la msimbo) cha kwanza. Kumtafuta mtu aliyechangia mistari arobaini miaka mitano iliyopita ni kazi ngumu mno.

Sasa usafi wa ripo, yaani hifadhi ya msimbo, na hapa ndipo watu wanapoumia. Kufuta faili ya .env, ambamo huwekwa nywila na funguo za siri, kwa komiti mpya (badiliko lililohifadhiwa) hakuiondoi, maana bado imo kwenye historia ya Git, zana inayotunza kila badiliko la msimbo. Kwanza badilisha nywila na funguo zote zilizomo. Usisubiri, kwa sababu kuna roboti zinazopekua ripo za wazi muda wote. Kisha, kwenye nakala mpya ya ripo, endesha:

git filter-repo --path .env --invert-paths

Amri hii huandika historia upya, kwa hiyo vitambulisho vya komiti vinabadilika na wenzako wote lazima wapakue upya. Mmoja akisukuma kutoka nakala yake ya zamani, siri inarudi. Pia amri huondoa kwa makusudi anwani ya origin, yaani ya ripo iliyo kwenye seva. Irudishe kwa mkono.

Kwenye pesa, michango ya hiari ni nyongeza tu. Hitilafu ya usalama ya Heartbleed ilipofichuka mwaka 2014 ndani ya OpenSSL, programu huria ya kusimba mawasiliano, OpenSSL ilikuwa inalinda sehemu kubwa ya intaneti huku ikipata michango ya takriban dola 2,000 kwa mwaka. Blender, programu ya michoro ya 3D, kinyume chake, iliomba kiasi kinachojulikana kwa lengo linaloeleweka: mwaka 2002 ilichangisha euro 100,000 katika wiki saba ili kuununua na kuuachia msimbo wake.

Basi piga hesabu yako. Tuseme kujibu maswali, kukagua viraka na kutoa matoleo kunakula saa 26 kwa mwezi, na saa moja ni shilingi 30,000 za Tanzania. Hiyo ni 780,000. Open Source Collective, inayoshika fedha kwa niaba ya miradi isiyosajiliwa, hukata asilimia 10, hivyo unahitaji kuchangisha karibu 867,000. Ukitaka kutumia GitHub Sponsors, huduma ya michango ya tovuti ya kuhifadhi msimbo ya GitHub, angalia kwanza kama nchi yenye akaunti yako ya benki imo kwenye orodha yao, ndipo uweke faili ya .github/FUNDING.yml inayoonyesha kitufe cha kuchangia.

Kwa maoni yangu, kwetu njia imara zaidi ni kuuza kazi inayoizunguka programu. DHIS2, mfumo wa takwimu za afya unaotumiwa na wizara za afya za Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda, ina leseni ya BSD. Kiini chake kinaendelezwa Chuo Kikuu cha Oslo kwa fedha za wafadhili kama Norad, shirika la misaada la Norway, na vikundi vya HISP, mtandao wa wataalamu wa DHIS2, vya nchi mbalimbali hufanya usimikaji, mafunzo na marekebisho. Mnunuzi wa serikali hana fungu la mchango, lakini fungu la mafunzo na matengenezo analo. Mwandikie ankara ya hayo, yenye muda wa kujibu hitilafu na tarehe ya mwisho.

Na pesa ya kwanza imlipe mtunzaji wa pili, yaani mtu mwingine wa kuisimamia programu pamoja nawe. Mwaka 2024, matoleo 5.6.0 na 5.6.1 ya xz, programu huria ya kubana faili, yalikutwa na mlango wa siri uliowekwa na mtu aliyejipatia imani ya mtunzaji aliyekuwa peke yake na amechoka. Anayekuja kusaidia apewe kwanza kazi ya kukagua viraka, na kila toleo lipitiwe na watu wawili tofauti kabla ya kusainiwa.