Namna ninavyowakumbusha walionishikia samaki wangu

Mimi nauza nyavu, kamba na maboya karibu na mwalo wa Kirumba hapa Mwanza, kwa hiyo kudai ni sehemu ya kazi yangu. Mvuvi anachukua nyavu leo, analipa mwezi ukishakuwa mkubwa na dagaa wa giza wakiwa wameuzwa. Dukani nimejifunza jambo moja: mdaiwa ukimtia aibu anabadilisha njia, unakosa hela na unakosa mteja. Sikutegemea kwamba jambo hilo lingenifaa kwenye starehe zangu za Jumapili, lakini huko ndiko limenifaa kuliko dukani.

Starehe yenyewe inaitwa jiokashingi, yaani mchezo wa kuficha na kutafuta makopo kwa GPS, ile mitambo ya setilaiti inayokuonyesha mahali ulipo. Ilianza Mei 2000. Tarehe 2 Marekani iliondoa ule upotoshaji wa makusudi uliokuwa ukiifanya GPS ya raia ikosee kwa makumi ya mita, na kesho yake Dave Ulmer akaficha ndoo porini huko Oregon, akatangaza latitudo na longitudo yake mtandaoni ili watu waitafute. Leo makopo ya namna hiyo yamefichwa karibu kila nchi. Ukilipata unasaini kijitabu kilichomo, unalirudisha palepale, unaandika kwenye tovuti ya mchezo kwamba umelipata. Mji wa mawe kama Mwanza umeumbwa kwa mchezo huu. Kati ya jabali na jabali unaweza kuficha hata sufuria.

Ndani ya kopo mara nyingi kuna vitu vidogo vya kubadilishana, ukichukua kimoja unaacha kingine. Ila kuna vingine si vya kubadilishana. Hivi ni vya safari. Kila kimoja kina kibati au sarafu yenye namba ya siri, na kina ukurasa wake kwenye tovuti. Anayekiokota anaingiza ile namba, anaandika kwamba amekichukua. Akikiweka kwenye kopo jingine anaandika tena. Mwenye nacho yuko nyumbani kwake anahesabu kilomita. Aliyekichukua hajapewa zawadi, amepewa lifti ya kutoa. Wazoefu husema usikae nacho zaidi ya wiki mbili hivi, na ukiona utachelewa umwandikie mwenyewe. Wengi hawaandiki.

Cha kwangu cha kwanza ni sato wa mbao, urefu wa kidole, niliyemfunga kwenye kibati cha Travel Bug, aina mojawapo ya vibati hivyo vya namba. Kwenye ukurasa wake niliandika lengo: azunguke ziwa letu. Atoke Mwanza, apite Bukoba, Entebbe, Kisumu, Musoma, arudi. Nilimweka kwenye kopo lililokuwa kati ya mawe upande wa Capri Point. Aliyemwokota alikuwa mtalii wa Kijerumani aliyekuwa akitoka Serengeti, na samaki wangu badala ya kupanda meli ya Bukoba akapanda ndege. Ukurasa ukaandika kwamba yuko mikononi mwa fulani. Kisha kimya.

Nimewaona wenzangu wanavyofanya hapo. Wanaandika waziwazi kwenye ukurasa wa kitu chenyewe, mbele za watu, wakimtaja mtu kwa jina lake la mchezoni: rudisha mali yangu. Wengine wanahesabu siku na kumtumia hesabu. Sijaona hata mmoja aliyerudishiwa kitu kwa njia hiyo, na wala sishangai.

Mimi kabla ya kuandika huwa nasoma. Naangalia ni lini mtu huyo ameingia mara ya mwisho kwenye tovuti, maana wasifu wake unaonyesha. Kama ameingia juzi, yuko mchezoni na ujumbe utamfikia. Kama hajaingia tangu mwaka juzi, barua ya upole na barua ya ukali ni sawasawa tu, hazisomwi. Naangalia pia amepata makopo mangapi. Mwenye makopo matatu ni mgeni, na mgeni mara nyingi anatumia programu ya simu, amechukua kitu bila kujua kwamba kinasafiri. Mwenye makopo elfu mbili anajua vizuri, huyo kasahau tu au kabanwa na mambo. Halafu nasoma taarifa za kopo la mwisho. Inatokea mtu kakiweka kitu koponi na hakukumbuka kuandika, na mgeni aliyefuata kasema ‘nimeona samaki mzuri wa mbao humu’. Hapo unamdai mtu ambaye hana chako.

Kuna na la majira, ambalo sisi wa huku hatulifikirii. Januari kule kaskazini mwa Ulaya makopo mengi yamelala chini ya theluji. Mtu anaweza kukaa na kitu chako miezi mitatu akisubiri ardhi ionekane, na hana kosa lolote.

Baada ya hayo ndipo naandika, kwa ujumbe wa faragha unaopitia tovutini, si kwenye ukurasa wa wazi. Kwa yule Mjerumani niliandika Kiswahili kwanza ili nisikie kama ningependa kuandikiwa hivyo, halafu nikaomba msaada wa kukigeuza:

‘Habari za huko? Mimi ndiye mwenye yule samaki wa mbao kutoka Mwanza. Nimefurahi kuona amefika kwako. Hapa dukani kwangu wananiuliza kila mara amefika wapi. Ukipata nafasi, naomba umpige picha moja hapo ulipo, ila namba ya kwenye kibati isionekane. Haraka hakuna. Kama ulishamweka kwenye kopo, au kama hayupo tena, niambie tu, si tatizo. Nitarekebisha ukurasa wake.’

Kazi yote hapo inafanywa na picha. Ukimuuliza mtu ‘kiko wapi?’ umemweka kizimbani, na lazima atafute la kujibu. Ukimwomba picha, umempa shughuli, na shughuli hiyo haifanyiki mpaka aende kukitafuta. Atafungua droo, atapekua begi. Akikiona, kiko mkononi tayari, na kilichobaki ni kukibeba tu safari nyingine. Asipokiona, zile sentensi za mwisho zimemwachia mlango wa kutokea bila kuinama. Na lile la namba kutoonekana si urembo: anayeisoma namba pichani anaweza kudai amekiona kitu ambacho hajawahi kukishika, na wapo watu wa kukusanya hivyo.

Jibu lilikuja wiki kadhaa baadaye. Ni mama mtu mzima, ana wajukuu. Samaki alikuwa ndani ya mfuko wa koti la mvua la safari, na koti lile halivaliwi mjini. Aliomba radhi mara nyingi kuliko nilivyotaka. Picha aliyotuma inamwonyesha sato kwenye kizingiti cha dirisha, nje kuna mti usio na jani hata moja. Nikamjibu, ‘Mama, asante sana, hata mimi makoti yangu yananifichia vitu,’ ingawa Mwanza nani ana makoti. Hapo ndipo nikamtajia lengo la kuzunguka ziwa, nikamwambia akimfahamu yeyote anayekuja Afrika Mashariki itakuwa vizuri, na asipomfahamu amweke tu kwenye kopo lolote lenye afya karibu yake. Hiyo ya pili niliisisitiza. Mtu ukimpa sharti moja gumu ataendelea kungoja nafasi ambayo haiji. Alimweka kwenye kopo la uwanja wa ndege na samaki akaendelea na safari.

Kijana mmoja wa Entebbe alikuwa tofauti. Makopo manne, programu ya simu, ameokota sarafu yangu ya safari na kuandika kwa furaha kwamba kopo limempa pesa ya kizungu. Huyo hata picha sikumwomba mwanzoni. Nilimwandikia, ‘Hongera mdogo wangu kwa kopo lile, najua lilivyo gumu,’ kisha nikamweleza hatua kwa hatua mahali pa kuingiza namba, na kwamba akifanya hivyo ataona ramani yote ya ilikopita. Ramani ndiyo iliyomvuta. Alikuwa anadhani ana pesa ya ajabu, kumbe ana safari ya ajabu. Siku hizi ndiye anayenipitishia vitu upande wa Uganda.

Wasiocheza kabisa ndio wanaohitaji miguu badala ya barua. Sato wangu wa tatu alipotea pamoja na kopo lake. Nikamwona pale kivuko cha Kamanga, ananing'inia kwenye ufunguo wa pikipiki ya kijana wa bodaboda.

‘Shikamoo mzee, twende?’

‘Marahaba. Siendi mbali leo. Habari za kazi?’

Tukaongea bei ya petroli na abiria wa Sengerema. Kisha nikasema nimempenda samaki wake.

‘Huyu? Nilimnunua kwa mtoto mmoja, mia tano.’

‘Hebu mgeuze, soma hicho kibati.’

Akageuza. ‘Kumbe kina namba!’

Nikaingiza namba kwenye simu yangu, nikamwonyesha ukurasa, jina la samaki, mstari wa safari yake. Akaangalia mpaka akampisha mwenzake abiria. Sikumwambia ni wangu. Jina langu lilikuwa pale juu na akalisoma mwenyewe. ‘Mzee, basi mchukue kabla hajanipotelea.’ Kesho yake nilimpelekea samaki mwingine asiye na namba, nikamrudishia na mia tano yake. Hiyo mia tano aliikataa.

Wapo wasiojibu. Ujumbe wa kwanza naupa muda mrefu. Wa pili unakuwa mfupi kuliko wa kwanza, na unaishia na ‘uwe na siku njema’. Wa tatu siandiki. Hapo namgeukia mwenye kopo la mwisho, naye namwomba tu kwamba siku akipita kukagua kopo lake aangalie kama kuna samaki, kwa sababu wenye makopo wamechoka kuulizwa maswali wanayotakiwa kuyapandia mlima. Ikishindikana, nakiandika kitu kuwa kimepotea. Kuandika hivyo hakufungi chochote. Siku yoyote mtu akikiokota na kuingiza namba yake, kinafufuka na safari inaendelea pale ilipokatikia.

Travel Bug huuzwa ikiwa na vibati viwili vya namba ileile, kimoja cha kusafiri na kimoja cha kubaki na mwenyewe. Kuna wanaokataa kabisa kutuma cha pili. Mimi nakituma, ila nangoja mwaka upite, na naandika kwenye kadi kwamba hii ni nakala, wa kwanza akionekana huyu atarudi nyumbani. Tangu nianze kuweka kadi kwenye kila samaki, yenye mstari mmoja tu wa Kiswahili na Kiingereza, ‘Mimi ni msafiri, si zawadi, nibebe uniache kopo jingine,’ barua za kuandika zimepungua sana. Kadi iwekwe kwenye mfuko wa nailoni unaofungika, maana unyevu wa ziwa hauachi karatasi.

Kwa sasa anayenidai subira ni mtu wa Kisumu. Ana sato aliyekuwa amebakiza Musoma tu amalize mzunguko. Nimemwandikia mara moja, nikamwomba picha ya samaki na machweo ya upande wao, kwa kuwa kwao nako jua linazama ziwani. Hajajibu, lakini juzi ametia saini kopo jingine, kwa hiyo yupo. Nitaangalia tena mwezi ukiwa mkubwa, wakati huo nikiwa nazungukia na madeni ya nyavu.