Nilivyoondoa pembe kwenye banda langu la Bweyale

Nafuga ng'ombe chotara wa Friesian na Ankole hapa Bweyale, wilaya ya Kiryandongo, Uganda, kando ya barabara ya Gulu. Chotara hawa wamepata maziwa kwa baba na pembe kwa mama. Ukiwafungia banda moja wakala hori moja, mwenye pembe ndefu anashiba na mnyonge anangoja mabaki. Ng'ombe wangu mmoja aliyetoka kuzaa alichomwa kiwele na mwenzake, na chuchu moja haikutoa maziwa tena. Nikasema basi, ndani ya banda hili pembe zitoke.

Mchungaji wangu, mzee wa kutoka Mbarara, alinuna siku nzima. "Mama, ukizitoa utakuwa umenipa nichunge punda." Nilimsikiliza, maana kwao pembe ndizo heshima ya ng'ombe, na anasema jua likiwa kali pembe zile kubwa, zilizojaa mishipa ya damu, humpoza mnyama. Tukapatana: Ankole halisi wawili wanaokwenda malishoni wabaki na pembe zao na walale zizi lao peke yao. Hawa wa banda waje zamu.

Wakubwa tuliwafanya kiangazi, mwezi wa Januari, kwa sababu mvua ikianza nzi hawakuachi na kidonda. Daktari wa mifugo wa gombolola (sehemu ya wilaya) alikuja na waya wa kukatia wenye vishikio viwili. Alichoma sindano ya ganzi kila upande, akafunga kamba ya mpira kwa nguvu kwenye mashina ya pembe ili damu ipungue, kisha akakata chini kabisa, akichukua na pete ya ngozi ya karibu sentimita moja kuzunguka pembe. Pete hiyo ndiyo inayootesha pembe. Ukiiacha, baada ya miezi kadhaa unapata kipembe kilichopinda ambacho kinaweza hata kumrudia mnyama kichwani.

Nitasema wazi, kazi hiyo siitamani tena. Damu iliruka hadi kwenye mabati hata baada ya kamba ile, na daktari akawa anaibana mishipa kwa koleo mmoja mmoja. Pembe ilipodondoka, pakabaki tundu linaloingia ndani ya kichwa, kwa sababu kwa ng'ombe mkubwa uwazi wa mfupa wa paji la uso huendelea hadi ndani ya pembe. Tundu lile tulilifunika kwa kitambaa safi, na nikapiga marufuku kuwawekea majani juu ya vichwa vyao, vumbi lisije likaingia. Kila asubuhi nilikuwa nainama kunusa. Harufu mbaya, usaha, au mnyama kuinamisha kichwa upande mmoja, unamwita daktari siku hiyohiyo. Walipona, ila ilichukua wiki nyingi, na maziwa yalishuka sana. Yule mwenye mimba kubwa hatukumgusa.

Kwa ndama mambo ni mengine kabisa. Hadi umri wa miezi miwili hivi, pembe ni kinundu tu kilichokaa kwenye ngozi, hakijashikana na fuvu. Ukikiua hapo hakuna tundu, na damu ni kidogo mno.

Kuna dawa ya kupaka, ile yenye kostiki soda, ambayo wanaopika sabuni wanaijua ukali wake. Hupakwa ndama akiwa na siku chache tu, kwa safu nyembamba baada ya kunyoa nywele, na kuzungushiwa vaseline ili isitambae. Wapo wanaoisifu. Mimi niliikataa kwa sababu moja: chotara wangu hawashushi maziwa mpaka ndama anyonye kwanza. Ndama mwenye dawa kichwani akimgonga mama yake kiwele, anambabua. Na mvua ikimnyeshea, dawa inamshukia machoni.

Nikachagua chuma cha moto. Fundi wa kuchomelea hapa senta alinitengenezea kipande cha chuma chenye ncha iliyobonyea, upana wa kama sentimita mbili, na mpini mrefu wa mbao. Tunasubiri ndama afikishe wiki tatu au nne, kinundu kiweze kushikika kwa kidole. Daktari anapapasa ule ukingo wa mfupa unaotoka kona ya jicho kwenda kwenye kinundu, na katikati yake, chini ya ukingo, anaingiza ganzi, mililita 5 kila upande. Halafu tunakaa. Hapa ndipo watu wengi wanapoharakisha! Ganzi inataka dakika tano hadi kumi. Ukope wa juu ukilegea na ndama akichomwa sindano karibu na kinundu bila kushtuka, tayari.

Chuma kiwe chekundu kwenye makaa. Unakibandika juu ya kinundu na kukizungusha sekunde kumi, kumi na tano hivi, bila kukandamiza sana, kwani fuvu la ndama ni jembamba na joto likizidi linafika kwenye ubongo. Ukiona pete kamili yenye rangi ya shaba, toa. Pete ikiwa na mwanya, rudia pale penye mwanya tu. Mwisho ni dawa ya kupuliza ya zambarau, na sindano ya meloksikamu, dawa ya kutuliza maumivu, kwa kuwa ganzi huisha baada ya saa moja au mbili na maumivu yanaanza hapo. Tangu tuanze kutumia sindano hiyo, ndama wananyonya jioni ileile. Wapo wanaosema ganzi ni kupoteza pesa, ndama ashikwe tu na vijana wanne. Mimi naona vijana wanne nao wanataka kulipwa, na ndama aliyeungua akiwa macho hakusogelei tena.

Sasa majirani wanakuja kuazima chuma changu. Ninakitoa kwa sharti: ndama awe hajapita miezi miwili, na daktari awepo. Mzee mmoja aliniletea dume la miaka miwili, kalifunga kamba kabisa. Nikamwambia, "Mzee, hili ni la waya, na mvua imeshaanza." Akarudi nalo nyumbani, na daktari amemwandika kwa Januari.