Siku moja ya mtafiti wa mbu, bonde la Kilombero, Tanzania

Saa 12 asubuhi tuko kwenye majaruba ya mpunga nje ya Ifakara. Kichota cha mililita 350 kinaingizwa kwa mshazari, taratibu, maana kivuli kikipita juu ya maji viluwiluwi huzama. Vya Anofelesi, mbu wa malaria tunaowatafuta, hulala sambamba na uso wa maji. Vya Kyuleksi, mbu wasioeneza malaria, huning'inia kichwa chini, hivyo tunavirudisha.

"Mwanangu, hao mbu mnawafuga ili iweje?" anauliza mkulima.

"Mzee, tunapima kama dawa ya kwenye chandarua chako bado inawaua." Kisha tunamuuliza amepulizia nini shambani, kwa kuwa dawa nyingi za wadudu wa mazao ni za kundi lile lile la pairethroidi linalotumika kwenye vyandarua, na mbu hujenga usugu humo humo jarubani.

Saa 3, insektari, chumba cha kufugia mbu: kubadili maji, kulisha, kuchota mapupa, hatua inayofuata kiluwiluwi kabla ya mbu kamili. Chakula kikizidi, maji huchacha na viluwiluwi hufa.

Saa 4 linaanza jaribio lenyewe, na hapa ndipo shahada ya uzamili inapovuja jasho. Wanahitajika majike 150 wa siku 3 hadi 5, waliokunywa maji ya sukari tu: 25 kwa kila mrija, minne ya dawa na miwili ya kundi linganishi, yaani lisiloguswa na dawa. Wote huhamishwa kwa aspireta, mrija wa kunyonyea mbu, kwa pumzi ya mdomo. Ukivuta kwa nguvu, miguu hukatika, na mbu asiye na miguu kesho atahesabiwa amekufa wakati dawa haikumgusa. Kwa hiyo wanapumzishwa saa nzima kwenye mirija ya alama ya kijani, kisha majeruhi wanatolewa. Karatasi zilizopakwa deltamethrini 0.05%, dawa ya kundi la pairethroidi, nazo zinakuwa zimetoka kwenye friji mapema, zisitumike zikiwa baridi. Kila karatasi inaandikiwa idadi ya matumizi. Ikifika 6, inatupwa.

Mbu wa kundi la dawa wanapulizwa ndani ya mirija ya alama nyekundu yenye karatasi hizo. Dakika 60 kamili, wanarudi kwenye ya kijani na pamba ya maji ya sukari.

Umeme ukikatika, taulo mbichi hufunika mirija, kwani hewa kavu huua. Miguu ya meza hukaa kwenye vikopo vya maji kuzuia sisimizi. Vifo vya kundi linganishi vikifika 20%, jaribio zima linafutwa, na jasho lote la asubuhi limekwenda.

Alasiri ni ya PCR, kipimo cha vinasaba, ya mbu wa majaribio yaliyopita, kwa sababu kwa macho spishi zao hazitofautiani: kwenye jeli, mstari wa DNA (bendi) wa urefu wa 315 ni Anofelesi arabiensis, 390 ni Anofelesi gambiae. Jeli ikiungua, sampuli inarudiwa.

Giza likiingia bado tunajaza fomu. Hesabu ni kesho, saa 24 baada ya dawa. Vifo 98% na zaidi, dawa inafanya kazi, chini ya 90%, usugu upo, katikati, tunarudia. Aliyeanguka leo dakika ya 60 akisimama kesho, anaandikwa mzima.