Mishale Miwili Kwenye Karatasi ya Maabara

Valvu yangu bandia ya moyo inalia. Usiku nyumba ikitulia naisikia: tik, tik, tik, kama saa ya mkononi iliyosahauliwa ndani ya droo. Ilikuwa na miezi minne tu kifuani siku nilipojipa udaktari.

Kwa kawaida majibu yangu ya damu yalipitia kwa nesi wa kliniki. Yeye ndiye aliyesoma, akaandika kwenye daftari langu kiasi cha warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, na tarehe ya kurudi. Mimi nikaitikia na kwenda zangu. Ijumaa ile kliniki ilikuwa imefungwa, maabara wakanikabidhi karatasi mwenyewe. Nikaisoma palepale dirishani. INR, kipimo cha jinsi damu inavyochelewa kuganda: 3.2. Pembeni mishale miwili myeusi ikielekea juu, na mbele yake maneno: kiwango cha kawaida 0.8 – 1.2.

Nikapiga hesabu. Karibu mara tatu ya binadamu mwenzangu! Na asubuhi hiyohiyo nilikuwa nimetema povu lenye damu nikipiga mswaki, na kwenye muundi kulikuwa na doa la zambarau nisilokumbuka nililipata wapi. Ushahidi ukajipanga wenyewe. Usiku nikakiweka kidonge cha miligramu 5 mezani, nikakikata kwa kisu. Nusu moja ikaruka chini, nikaitafuta kwa tochi kwa dakika nzima, na bado sikuona kwamba nafanya upuuzi. Siku tisa nilimeza nusu. Dada yangu, ambaye nilikuwa naishi kwake, sikumwambia; nilijua ataniuliza udaktari nimeusomea wapi.

Siku ya kumi nikapima tena: 1.6. Nikaipeleka karatasi kliniki kama mtoto aliyeongoza darasa. Kwenye benchi alikuwepo mzee mmoja ambaye moyo wake hupiga ovyoovyo bila mpangilio, naye kapata 2.4, anafurahi.

“Mimi wananitaka kati ya 2 na 3, mwanangu. Wewe je?”

“Mimi naitafuta 1, mzee.”

Akanitazama, kisha akatazama kovu lililochungulia kwenye kola ya shati langu. Hakusema kitu.

Nesi aliisoma karatasi mara mbili. “Kaka, umebadilisha nini?” Sauti yake ilikuwa ya chini, na hiyo ndiyo iliyonitisha. Nikamweleza yote, hadi kisu. Kabla hajajibu akamwita daktari, ambaye aliniwekea stethoskopu kifuani, akasikiliza kwa muda mrefu. Akaniuliza kama mlio wa valvu bado ni mkavu kama zamani. Ukianza kusikika kama umefunikwa blanketi, alisema, usingoje kupambazuke, njoo. Huenda ni bonge la damu limeshika valvu.

Kisha nesi akachukua kalamu. Ile 0.8 – 1.2, akasema, ni ya mtu asiyetumia dawa hii. Kompyuta ya maabara haijui una nini kifuani, yenyewe inachapa tu. Mzee wa pale nje 2.4 ni yake. Kwako wewe ni pungufu. Valvu yako ni ya mitrali, kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo, mahali ambapo damu hupita kwa msukumo mdogo na kuganda kwa urahisi zaidi, kwa hiyo tunakutaka kati ya 2.5 na 3.5. Akaizungushia duara 3.2 yangu ya Ijumaa. “Hapa ulikuwa pazuri kabisa.”

Nilitahayari, na mtu aliyetahayari huuliza maswali mengi. Kwa nini wasiseme tu damu imechukua sekunde ngapi kuganda? Akanieleza kwamba kemikali ya kugandisha damu haina nguvu sawa kila maabara, hivyo sekunde za huku si sekunde za kule. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani likaleta INR mwaka 1983, ili namba iwe na maana ileile popote utakapopimwa. Na ufizi je? Ufizi unaovuja kidogo ni wa kuja kutuambia, akasema, si wa kukatia kidonge. Mkojo mwekundu, choo cheusi kama lami, kichwa kinachouma ghafla kuliko siku zote, hayo ni ya kukimbilia hospitali.

Moyo wangu ukapigwa picha ya mawimbi ya sauti, bonge halikuonekana. Lakini kwa kuwa warfarini haifanyi kazi leo kwa leo (vile vigandishi ambavyo ini lilishatengeneza lazima kwanza viishe vyenyewe), ilibidi nichomwe tumboni heparini, dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda ambayo yenyewe haichelewi, asubuhi na jioni huku nikirudia kidonge kizima. Siku ya tatu 1.9. Siku ya saba 2.6. Tumbo lilikuwa na madoa ya buluu kila upande, na dada yangu alikuwa ameshajua kila kitu. Swali la nimesomea wapi niliulizwa, tena mbele ya wageni.

Kwenye jalada la daftari nesi aliandika kwa wino mzito: VALVU YA MITRALI, 2.5 – 3.5. Wiki mbili baadaye nilikuwa kwenye benchi lilelile na karatasi mpya, INR 2.9. Mzee akachungulia.

“Mbona ina mishale?”

“Ndiyo yangu, mzee,” nikamwambia, nikamwonyesha jalada.